Fungu la Mtoto Aliyenyimwa Urithi

Somo kwa wakatekumeni juu ya Amri ya Saba na Amri ya Kumi



Mmekwisha kujifunza Amri ya Saba, inayotukataza kuiba, na Amri ya Kumi, inayotukataza kutamani mali ya watu. Nyote mwaweza kuzitamka bila kukosea. Lakini kuitamka amri ni jambo moja, na kuishika ni jambo jingine. Leo tutaangalia wizi mmoja ambao watu hawauiti wizi. Mwizi huyu havunji mlango usiku. Huingia mchana, siku ya kilio, na watu humpa kiti cha mbele. Huo ndio wizi wa urithi wa watoto.

1. Ulizo la mkatekumeni mmoja

Siku moja nilikuwa nikifundisha Amri ya Saba chini ya mwembe, karibu na shule. Nilipomaliza niliuliza kama kawaida: «Je, kuna mwenye neno?» Akasimama mwanamume mmoja wa makamo, aliyenizidi umri, akasema:

«Mwalimu, mdogo wangu alikufa, sasa ni miaka sita. Aliacha shamba la kahawa, nyumba ya mabati, na mbuzi. Ukoo ulinikabidhi vitu vyote, maana mimi ndimi mkubwa. Watoto wake wawili walikwenda pamoja na mama yao kwa wajomba. Tena yuko wa tatu, ambaye mdogo wangu alimzaa na msichana mwingine kabla ya ndoa yake. Huyo sijui aliko. Mimi sikuiba kitu, nilipewa. Je, nimevunja Amri ya Mungu?»

Watu wote wakanyamaza. Niliwaona wanaume kadha wa kadha wakiangalia chini, nikatambua kwamba ulizo hilo si la mtu mmoja. Nikamjibu: «Baba, umeuliza vema, nawe wastahili kujibiwa vema. Nipe juma moja.» Nikaenda kumwona Padri, tena nikaisoma Sheria ya Familia pamoja na mtu anayeifahamu. Somo hili ndilo jibu nililompa, nami nawapa ninyi pia.

2. Desturi ya wazee ilitaka nini?

Tusianze kwa kuwatukana wazee wetu. Katika Kongo kuna makabila yanayofuata ukoo wa baba, kama vile Washi wa Kivu. Na kuna makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama vile Wabemba wa Katanga, ambao kwao mpwa ana nafasi kubwa kwa mjomba wake. Desturi hazifanani. Lakini katika nyingi kati yake, mtu aliyeshika mali ya marehemu alishika pia watoto wa marehemu. Aliwalisha, aliwatunza wakiugua, aliwatolea wavulana mahari walipotaka kuoa. Mali na mayatima vilikwenda nyumba moja. Aliyechukua mbuzi na kuwaacha watoto, wazee walimwona mtu asiye na haya.

Siku hizi wengi wameikata desturi katikati. Wameshika nusu yenye faida na kuitupa nusu yenye mzigo. Huchukua shamba, mabati, mashini ya kushona na baisikeli, kisha humwambia mjane: «Rudi kwenu na watoto wako.» Mtu wa namna hiyo akisema, «Nafuata desturi», hasemi kweli. Anaifuata tamaa yake, na desturi ameifanya kuwa nguo ya kuifunika.

Tena angalieni jinsi watoto wanavyonyimwa. Mmoja huambiwa: «Wewe ni msichana, utaolewa kwingine.» Wa pili huambiwa: «Wewe ulizaliwa nje ya ndoa.» Wa tatu huambiwa: «Mama yako alikuwa wa kabila jingine.» Wa nne, na hili ni baya kupita yote, huambiwa: «Wewe ni mchawi, ndiwe uliyemla baba yako.» Wa tano haambiwi neno, kwa sababu yuko mbali, watu hugawana upesi kabla hajapata habari. Sababu ni nyingi, lakini mwisho wake ni mmoja: mtoto anatoka mikono mitupu katika nyumba ya baba yake.

3. Neno la Mungu

Maandiko Matakatifu yanajua vizuri mashauri ya urithi. Sikilizeni habari tatu.

Habari ya kwanza imo katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Selofehadi alikufa jangwani, naye hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mabinti watano: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Wasichana hao hawakulia nyumbani tu. Walikwenda kusimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na wakubwa wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa sababu hakuzaa mwana. Musa hakujibu kwa akili yake mwenyewe. Alipeleka shauri lao kwa Mungu. Na Mungu alisema kwamba wasichana hao wana haki, wapewe urithi wa baba yao. Basi, anayesema kwamba Mungu hajui haki ya msichana, na asome sura hiyo.

Habari ya pili imo katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 11. Yefta alikuwa mwana wa Gileadi, lakini mama yake hakuwa mke wa halali. Wana wa ndoa walipokua, walimfukuza, wakamwambia kwamba hatapata urithi katika nyumba ya baba yao, kwa maana ni mwana wa mwanamke mwingine. Yefta akakimbilia nchi ya Tobu. Siku zilipita, adui wakaja na vita. Hapo wazee wa Gileadi wakakumbuka kwamba Yefta ni shujaa, wakafunga safari kwenda kumtafuta. Naye akawauliza kwa nini wanamjia sasa, wakiwa katika taabu, wao waliomchukia na kumfukuza. Wapenzi, ulizo hilo la Yefta lingali linaulizwa katika vijiji vyetu. Tunajua njia ya kumfikia mtoto aliyefukuzwa tunapotaka mchango wa kilio. Kwa nini hatuijui njia hiyo siku ya kugawa?

Habari ya tatu imo katika Kitabu cha Mwanzo. Ismaeli, mwana wa Hagari, alifukuzwa nyumbani kwa Abrahamu pamoja na mama yake. Wakapotea jangwani, maji yakawaishia katika kiriba. Mungu akaisikia sauti ya kijana, akamwonyesha mama yake kisima. Kisha katika sura ya 25 twasoma kwamba Abrahamu alipokufa, wana wake wawili, Isaka na Ismaeli, walimzika pamoja. Mtoto aliyefukuzwa alisimama kwenye kaburi la baba yake karibu na ndugu yake. Kifo cha baba kiwakutanishe watoto, kisiwatawanye.

Naye Bwana wetu Yezu Kristu je? Katika Evanjili ya Luka, sura ya 12, mtu mmoja alimwomba Yezu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Yezu hakukubali kuwa mwamuzi wao, bali aliwaonya watu wajilinde na choyo. Wengine husema: «Mnaona? Yezu hakupenda mashauri ya urithi, basi mnyimwa anyamaze.» Sivyo. Onyo la choyo linamhusu kwanza yule aliyeshika mali. Yezu hakusema kwamba haki ya ndugu haina maana. Alionyesha ugonjwa unaozaa magomvi hayo yote.

4. Sheria ya nchi yetu

Mkristu hutii sheria iliyo ya haki. Katika Kongo, Sheria ya Familia ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, na sehemu zake nyingine zikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Yafaa mjue mambo haya.

Kwanza: sheria inataka kila mtoto Mkongomani awe na baba, wala haimpi mtu ruhusa ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Inakataza pia kuwatenga watoto kwa sababu ya jinsi walivyozaliwa.

Pili: warithi wamepangwa kwa makundi. Kundi la kwanza ni watoto wa marehemu: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua alipokuwa hai, na wale aliowapokea kisheria kuwa watoto wake. Wavulana na wasichana ni sawasawa. Mtoto akiwa amekufa mbele ya baba yake, naye ameacha watoto, wajukuu hao husimama mahali pake. Hata mtoto aliye tumboni huhesabiwa, mradi azaliwe hai.

Tatu: kundi la pili ni mjane, au mume aliyefiwa na mkewe, pamoja na baba na mama wa marehemu, na ndugu zake wa kiume na wa kike. Wajomba, baba wadogo, baba wakubwa na mashangazi wako katika kundi la tatu, nyuma ya hao wote.

Nne: watoto hupata robo tatu ya urithi, nao hugawana sawasawa. Robo inayobaki ni ya kundi la pili.

Tufanye mfano. Mume na mke walipata mbuzi 16 katika ndoa yao iliyoandikwa serikalini, wala hawakuchagua mpango mwingine wa mali siku ya kufunga ndoa. Mume akafa bila kuacha deni. Kwanza, mbuzi 8 ni za mke. Hizo si urithi, ni jasho lake mwenyewe. Zinabaki 8. Robo tatu ya 8 ni 6. Marehemu ana watoto watatu: mvulana, msichana, na mtoto wa nje aliyemtambua. Kila mmoja apata mbuzi 2. Mbuzi 2 zinazosalia ni za kundi la pili. Marehemu akiwa na deni, deni lilipwe kwanza kwa mali yake, ndipo kinachobaki kigawanywe.

Tano: mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe na kutumia vyombo vya nyumba. Basi, kumtoa mjane nje kabla ya majani ya kaburi kuota ni kuvunja sheria, wala si kushika mila.

Sita, juu ya mashamba: kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Kwa hiyo katika kijiji watoto hurithi haki ya baba yao ya kulima na kuvuna, pamoja na mimea yake na majengo yake. Shauri la mipaka lipelekwe mbele ya sultani na wazee wanaojua mahali pale, na watoto wenyewe wawepo.

5. Je, kuna mtoto awezaye kunyimwa kwa haki?

Ndiyo, wako. Sheria inamtoa katika urithi mtu aliyehukumiwa kwa kumwua marehemu kwa kusudi, au kwa kujaribu kumwua. Pia inamtoa yule aliyekata kwa makusudi udugu wake na marehemu, na yule aliyekataa kumtunza katika ugonjwa wake wa mwisho, naye alikuwa na wajibu wa kumtunza. Lakini angalieni: maneno hayo hayatoshi kusemwa katika kilio. Ni lazima yathibitishwe mbele ya hakimu wa Tribunali ya Amani, na watu wa familia wasikilizwe.

Baba pia hana ruhusa ya kuandika barua ya wasia kwa hasira na kulifuta fungu la watoto. Aweza kugawa sehemu nyingine apendavyo, lakini robo tatu ya watoto wasia hauigusi.

Na neno la uchawi? Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi; na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto inamwadhibu anayefanya hivyo. Mkristu hangoji adhabu ya Serikali. Anajua kwamba kumsingizia yatima ni dhambi mbili pamoja: ni uongo juu ya jirani, nao umesemwa ili kumwibia.

Juu ya mtoto wa nje ambaye baba hakumtambua, jambo lataka subira. Sheria inajua njia tatu za kumpa mtoto baba: ndoa ya wazazi wake, tangazo la baba mwenyewe, na shauri la kumtafuta baba mbele ya hakimu. Kwa hiyo, ninyi akina baba, msingoje kifo. Mtoto akizaliwa, aandikwe katika ofisi ya Serikali kabla ya siku 90 kupita. Na aliye na mtoto wa nje amtangaze mbele ya mwandishi wa Serikali. Sheria inataka tangazo hilo lifanyike katika miezi 12 tangu kuzaliwa. Kumficha mtoto ili kulinda sifa yako ni kumwachia vita siku utakayokufa.

6. Kuwatafuta warithi wengine

Hapa wengi hujidanganya. Husema: «Hatujui aliko, basi tumgawane.» Lakini mtu asiyejulikana aliko hajafa kwa sababu hiyo. Sheria inaweka msimamizi wa urithi: pasipo wasia, ni yule mwenye umri mkubwa kati ya warithi, au mwingine wanayemchagua kama huyo akikataa. Kazi yake ya kwanza si kugawa. Kazi yake ya kwanza ni kujua ni nani walio warithi, na kuwatafuta wasiokuwapo. Anatunza mali, analipa deni, anadai madeni ya marehemu, kisha anagawa na kuonyesha hesabu. Yeye ni mtumishi wa warithi wenzake.

Je, wanatafutwaje? Fuateni njia hizi.

Ya kwanza: siku ya kilio, kabla watu hawajatawanyika, ulizeni wazee na rafiki za marehemu: «Huyu alikaa wapi katika maisha yake? Alifanya kazi wapi? Alizaa na nani?» Andikeni majina yote katika daftari, wala msifute jina kwa sababu linaleta haya.

Ya pili: nendeni kwa ukoo wa mama wa kila mtoto. Mara nyingi mtoto anayesemwa «amepotea» yuko kwa bibi yake, mwendo wa siku moja tu.

Ya tatu: ulizeni katika Misioni. Kila parokia ina kitabu cha Batizo, ambamo yameandikwa majina ya mtoto, wazazi na wasimamizi, na mahali alipozaliwa. Tena pembeni mwa jina huandikwa Kipaimara chake na ndoa yake. Kwa hiyo kitabu kimoja chaweza kuwaonyesha parokia nyingine alikokwenda.

Ya nne: tangazeni baada ya Misa, katika mashirika, na kwa radio ya mahali. Tumeni habari kwa simu kwa wale wanaofanya kazi katika machimbo na mijini.

Ya tano: kwa waliotawanywa na vita, nendeni kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Wana kazi maalum ya kuwatafuta ndugu waliopotezana na kupeleka habari zao. Wakongomani wengi wamo katika makambi ya wakimbizi, kama vile Nyarugusu huko Tanzania na Nakivale huko Uganda. Mwana wenu aweza kuwa huko, akidhani kwamba kwao hakuna anayemkumbuka.

Na ikiwa hamkumpata? Fungu lake litengwe, liandikwe mbele ya mashahidi, litunzwe. Shamba laweza kulimwa lisiwe pori, lakini ajulikane kuwa ndiye mwenyewe. Mkishindwa kupatana, msishikane kwa mapanga, wala msiende kwa mganga. Nendeni kwa Tribunali ya Amani. Ndiyo yenye kazi ya kukata mashauri ya familia na ya urithi.

7. Lazima kurudisha

Sasa turudi kwa mkatekumeni wetu. Alisema: «Sikuiba, nilipewa.» Na kweli, hakuwa na nia ya mwizi. Lakini waliompa hawakuwa na kitu cha kumpa, maana mali ilikuwa ya watoto. Kanisa linatufundisha kwamba mtu aliyeshika mali ya mwingine kwa nia njema, bila kujua, hana kosa la wizi kwa siku zile za kutojua. Lakini siku anapojua, lazima airudishe kwa mwenyewe, pamoja na mazao ambayo bado anayo. Akiendelea kuishika baada ya kujua, nia njema imekwisha. Tangu siku hiyo ni wizi. Na yule aliyejua tangu mwanzo kwamba anawanyang'anya watoto, huyo lazima arudishe kitu, na mazao yake, na kuponya hasara aliyoileta.

Wengine huuliza: «Je, nikiungama haitoshi?» Katika Sakramenti ya Kitubio Mungu husamehe dhambi ya mtu anayetubu kweli. Lakini mtu anayesema «nimetubu», na mbuzi za yatima zingali zinalia katika zizi lake, amewezaje kutubu? Zakayo hakusema maneno matupu. Yezu alipoingia nyumbani mwake, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne zaidi. Wazee husema: dawa ya deni ni kulipa. Asiyeweza kurudisha yote kwa siku moja, aanze na kidogo, apatane na wenyewe, wala asiache. Padri atamsaidia kuona njia.

Nanyi mlionyimwa, sikieni pia. Kudai haki yako si dhambi. Mabinti wa Selofehadi walidai, na Mungu aliwasifu. Lakini daini kwa njia ya haki: kwa wazee, kwa sultani, kwa hakimu. Msichome nyumba, msikate migomba ya baba mdogo usiku, msilaani. Shamba laweza kurudishwa. Roho ya mtu haigawanywi.

8. Alivyofanya mkatekumeni yule

Juma la pili nilimweleza haya yote. Hakufurahi. Alikwenda bila kuaga, na kwa majuma matatu hakuonekana katika mafundisho. Nilidhani tumempoteza. Kisha akarudi, akaniambia: «Mwalimu, nimekwenda kwa wajomba. Kijana mkubwa ameacha shule katika darasa la nne. Nilipomwona nilimwona mdogo wangu mwenyewe.»

Alimrudishia mjane nyumba, na watoto wakarudi naye. Juu ya mtoto wa tatu, tulifungua kitabu cha Batizo cha parokia ya jirani, tukamkuta: jina lake, la mama yake, na la baba yake. Katika Sheria, kitabu hicho peke yake hakitoshi kila mara. Lakini yule baba alisema: «Mimi sihitaji hakimu aniambie. Mdogo wangu alinionyesha mtoto huyu kwa mkono wake.» Ukoo ukakubali. Pembeni mwa jina iliandikwa parokia ya Kipaimara. Tukaandika barua huko, tukajibiwa kwamba kijana alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu. Habari zimetumwa, bado hajafika. Fungu lake limepandwa miti ya mpaka, na mbuzi wake wawili wamezaa.

Ndugu wengine wa ukoo walimkasirikia. Walisema amewaharibia njia, kwa maana nao wanashika vitu vya marehemu wengine. Mpaka leo wako wasiokula naye. Lakini usiku wa Pasaka alibatizwa, na wale watoto wawili walisimama nyuma yake na mishumaa. Aliniambia: «Sasa nikipita karibu na shamba lile, moyo haunigongi.»

Wapenzi, Mtume Paulo anatufundisha kwamba kwa Batizo tunakuwa watoto wa Mungu, na kama ni watoto, basi ni warithi pamoja na Kristu. Ninyi mnaojitayarisha kwa Batizo mnaomba kuandikwa katika urithi huo. Hamkuzaliwa nao, hamna haki ya kuudai, Baba anawapa kwa upendo, wala haulizi kama mama yako alikuwa mke mkubwa au mdogo. Basi, mtu atakayepokea urithi asiostahili atawezaje kumnyima mtoto urithi anaostahili?

Maulizo ya kukumbuka

U. Je, kuwanyima watoto urithi wa baba yao ni dhambi?
J. Ndiyo, ni dhambi juu ya Amri ya Saba, na kuutamani urithi huo ni dhambi juu ya Amri ya Kumi.

U. Watoto hupata sehemu gani ya urithi katika sheria ya Kongo?
J. Hupata robo tatu, nao hugawana sawasawa, wavulana na wasichana.

U. Kazi ya kwanza ya msimamizi wa urithi ni nini?
J. Ni kujua warithi wote na kuwatafuta wasiokuwapo, kabla ya kugawa.

U. Mrithi asipopatikana tufanye nini?
J. Tutenge fungu lake mbele ya mashahidi, tulitunze, tuendelee kumtafuta.

U. Aliyeshika mali ya yatima afanye nini ili atubu kweli?
J. Arudishe mali, aponye hasara kadiri awezavyo, aombe msamaha.

Kazi ya juma hili

Kila mmoja akumbuke vitu vilivyo nyumbani mwake: shamba, mabati, mbuzi, vyombo. Ajiulize mbele ya Mungu: «Je, kuna kitu hapa ambacho mwenyewe ni mtoto asiyekuwapo?» Asiwaambie wengine. Akikiona, aje kwa katekista au kwa Padri.

Tusali: Ee Mungu, Baba wa mayatima na mlinzi wa wajane, utuondolee choyo moyoni. Uwaongoze njiani watoto wetu walio mbali, utupe nguvu ya kuwarudishia kilicho chao, ili siku moja sote tukutane nyumbani mwako. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.